Kitambulisho kabla ya Alhamisi

Umoja, Nairobi, Jumapili usiku

Mwanangu Neema,

Basi la Kitale linaondoka Alhamisi saa mbili usiku, na kutoka huko naunganisha hadi Lodwar. Kazi ni ya miezi minne, labda mitano. Wewe unarudi kesho kutoka kwa shangazi yako, na wiki hii yote natoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi ukiwa umelala, ndiyo maana naandika.

La kwanza ni kitambulisho. Umefikisha miaka 18 tangu Oktoba. Novemba ulikuwa na mtihani, sawa. Desemba je?

Nenda Jumanne, Huduma Centre ya Makadara, kile kituo cha huduma za serikali. Fika kabla hawajafungua mlango, kwa sababu ukifika saa nne utakuta foleni imezunguka. Beba cheti chako cha kuzaliwa, cha asili na nakala, kitambulisho changu cha asili na nakala, karatasi ya matokeo, na barua ya chifu hata kama hakuna aliyekuambia uibebe. Sasa elewa haraka yangu: kitambulisho cha mama yako kilipotea Muthurwa na kipya hakijatoka, na changu nitasafiri nacho. Kuanzia Ijumaa hakutakuwa na cha asili cha mzazi humu ndani. Ukipita Alhamisi, tunangoja mpaka nirudi.

Kuna jambo la jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Nekesa, karatasi ya matokeo inasema Nekessa. Fomu ya usajili ya darasa la nane hukuijaza wewe, na aliyeijaza alikuwa akiongea na simu huku anaandika. Basi. Ukishasoma hii Jumatatu, shuka mjini upitie kwa wakili mwenye muhuri wa kamishna wa viapo, akuandikie kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Pesa nimeiweka kwenye bahasha, usiitumie kwa nywele. Kwenye dirisha la Huduma onyesha karatasi zote mbili na kiapo, na kabla hujaondoka soma karatasi ya kusubiria, ile wanayokupa ungoje kadi, herufi kwa herufi. Usikubali tahajia ya tatu izaliwe hapo. Vidole navyo viwe visafi bila michubuko, kwa sababu alama zisiposomeka utarudishwa, kwa hiyo Jumatatu usimenye viazi.

Najua unasema moyoni, baba na kitambulisho chake. Lakini fuata uzi wenyewe. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako. Bila laini hiyo ombi la HELB, mkopo wa serikali wa chuo, linakwama, maana wanataka namba iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, si ya mama wala ya mpenzi. Huna PIN ya KRA, namba ya mlipa kodi, huna akaunti ya benki, huna cheti cha tabia njema, huna leseni ya udereva. Miezi hii hadi chuo kifunguliwe unaiona mingi, lakini miezi miwili inaweza kuliwa na kungoja kadi tu, na hiyo huwezi kuikimbiza ukiwa umelala hadi saa nne asubuhi.

Ikitoka, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba ya kitambulisho chako, na usimpe mtu yeyote, hata binamu, asajilie laini. PIN ni bure kwenye iTax. Ukienda saiba unamlipa mtu akubofyee tu. Na ukishakuwa na PIN, mwaka unaofuata hakikisha umejaza ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hukupata shilingi. Ukisahau ni faini ya 2,000 kwa kutofanya kitu cha dakika kumi.

Ile B+ nimeiona. Nimewaonyesha hata wasioniuliza, mpaka yule wa duka la M-Pesa amechoka. Kemia ulijiangusha mwenyewe na unajua ni kwa nini, lakini leo sisemi. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wakifungua, usinakili orodha ya rafiki yako. Uhandisi wa ujenzi unaangalia Hisabati, Fizikia na Kemia kwanza, na alama za klasta, yaani za kundi la masomo ya kozi, zinahesabiwa kwa masomo manne pamoja na jumla ya alama zako, si kwa gredi ya jumla peke yake. Hapo ndipo watoto wengi wenye B+ wanaachwa nje wakishangaa. Alama za mwisho za mwaka jana zinakuambia walioingia walikuwa na ngapi, hazikuahidi kitu mwaka huu. Weka moja ya kujaribu, mbili unazozifikia, na moja ambayo hata ikija peke yake utaenda bila kununa.

Sasa Kariobangi. Nilikataa uende Light Industries kujifunza kuchomelea, na mama yako amenieleza nilivyokataa kulivyosikika. Nenda. Mhandisi asiyejua chuma kikichomwa kinavuta upande gani atachora vitu ambavyo fundi hawezi kuviunga. Lakini kabla ya siku ya kwanza, andikianeni na fundi kwenye karatasi moja: ada ni kiasi gani, ni miezi mingapi, nani ananunua rodi za kuchomelea za mazoezi, na kuanzia wiki ya ngapi utashika mashine mwenyewe. Bila hiyo karatasi utafagia na kutumwa chai hadi Agosti. Wiki mbili za kufagia ni haki yake.

Omba kuanza na skwea tyubu, bomba la pembe nne, ya inchi moja, unene wa geji 18. Ni nyembamba na inaaibisha, ndiyo maana ni mwalimu mzuri. Rodi iwe geji 12, ile ya milimita 2.5, na mashine iwe kama ampia 60 hadi 70. Ukipandisha zaidi unatoboa shimo. Ukishusha sana rodi inanata na kinachobaki juu ni uji wa chuma usioshika ndani. Ukitengeneza fremu, usimalize kona moja ndipo uende nyingine. Gusa kona zote nne kwa doa dogo dogo, kisha weka futi ya kupimia kutoka kona hadi kona inayoikabili kimshazari, halafu kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Vikitofautiana hata milimita 5, gonga sasa, kwa sababu ukishachoma kabisa dirisha litakataa kufunga na mteja atakataa kulipa. Chuma kikipoa kinajikunja kuelekea upande uliochomwa, kwa hiyo choma kidogo huku, kidogo kule ng'ambo.

Macho. Usitazame moto hata sekunde moja bila kioo cheusi cha kuchomelea, na usimsaidie mtu kushika bomba ukiwa umegeuza uso tu. Mwanga ule haukuumizi pale pale. Unakuja saa sita usiku kama mchanga ndani ya jicho. Ikitokea, usikubali viazi wala maziwa wanayopaka pale, nenda hospitali ya macho. Nguo ziwe za pamba, nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Nywele fungia ndani, leso acha nyumbani, maana grainda, mashine ya kukatia na kusugulia chuma, haina adabu. Diski ya kukatia ni ya kukata tu, ukiisugulia ubavuni inapasuka. Kikinga chake kikiwa kimetolewa, na pale wengi wamekitoa, usiiguse. Bomba la zinki lipigwe msasa kwanza hadi zinki ya juu iondoke, na lichomwe nje penye upepo, moshi wake unaleta homa usiku. Fundi akicheka, mwache acheke.

Ukiuliza mambo ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ule wa Gredi 3, anza kuulizia usajili mapema kuliko unavyodhani. Karatasi ile si kubwa, lakini likizo za chuo utapata kibarua nayo.

Kompyuta usilipie kozi ya miezi mitatu ya kufungua na kufunga faili. Jua Excel vizuri, chapa bila kutazama vidole, inatosha. Hisabati nusu saa kila jioni, hasa kalkulasi, kwa sababu mwaka wa kwanza wataanza mahali ambapo mwalimu wako aliishia kwa haraka.

Nyumbani. Mtungi wa gesi una wiki mbili hivi, ukiuinamisha utasikia. Maji ni Jumanne na Ijumaa usiku, jaza madumu yote hata kama tanki inaonekana imejaa, ile ya juu inavuja na nimemwambia mwenye nyumba mara tatu. Kodi ni tarehe 5, nitatuma kwa mama yako. Namba ya mita ya stima nimeibandika nyuma ya mlango. Dawa za presha za bibi ziko kwenye kopo la Blue Band, moja asubuhi, na atakuambia amekunywa wakati hajanywa, kwa hiyo hesabu vidonge. Kevin asipoonyesha daftari la hesabu kila Alhamisi, nipigie.

Cheti cha kuzaliwa kiko kwenye begi jeusi juu ya kabati, ndani ya plastiki. Kitambulisho changu nitakiacha Jumatatu usiku chini ya redio, nikikute hapo hapo Jumanne jioni, pamoja na ile karatasi yako ya kusubiria. Usinitumie picha. Nataka kuishika.

Baba