Mkasi wa mhariri wa filamu nao unaweza kubagua

Mhariri,

Kurasa zako za burudani zinaposifu filamu ya hali halisi, sifa humwendea mwongozaji na mpiga picha, ilhali aliyekaa wiki kadhaa mbele ya kompyuta akiamua kipi kibaki na kipi kitupwe hatajwi kabisa. Kwa filamu zinazohusu ubaguzi dhidi ya watu waliobadili jinsia, huko ni kuacha nusu ya habari.

Southern Comfort ya Kate Davis, iliyotunukiwa tuzo kuu ya filamu za hali halisi katika tamasha la Sundance mwaka 2001, inamfuata Robert Eads, mwanamume aliyebadili jinsia katika jimbo la Georgia, Marekani, katika mwaka wa mwisho wa uhai wake. Aliugua saratani ya ovari, na madaktari zaidi ya kumi wakakataa kumtibu, baadhi yao wakihofia wagonjwa wengine wangewakimbia. Alifariki Januari 1999. Kisa hicho kingeweza kuhaririwa kikawa hesabu tupu ya milango iliyofungwa. Badala yake filamu inakwenda na majira ya mwaka, ikikaa na Eads nyumbani, na marafiki, na mpenzi wake Lola, hata ugonjwa unapomzidi tunakuwa tumekwisha kumzoea kama jirani, na kule kunyimwa tabibu kunatuuma sisi pia.

Mimi huhariri video hapa Nairobi. Niliwahi kupewa mahojiano ya mwanamke aliyebadili jinsia, akisimulia jinsi karani wa hospitali alivyolisoma kwa sauti jina la kiume lililokuwa kwenye kitambulisho chake, foleni nzima ikageuka kumtazama. Alipofika hapo alinyamaza sekunde 11, akikunja na kukunjua pindo la leso. Aliyetulipa alitaka kimya hicho kikatwe, na mahali pake tuweke picha yake ya zamani ya shule, kisha kipande anachojipaka wanja mbele ya kioo. Yaani ushahidi utoke, udaku uingie! Nilibishana, nikashindwa.

Ndiyo maana nawaomba waandishi wako, wanapochambua filamu za aina hii, waulize picha ghafi, yaani zote zilizorekodiwa kabla ya kuhaririwa, zilikuwa na urefu wa saa ngapi, nani aliyechagua dakika zilizobaki, na kama mhusika alioneshwa kazi kabla ya kurushwa. Yule mwanamke hakuoneshwa. Aliiona sebuleni kwa dada yake, siku ile ile majirani walipoiona.

Mhariri wa video,
Nairobi