Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Julai 2024 – Juni 2025

Ndugu Katibu, ndugu Mhazini, wajumbe wa kamati tendaji, wazee waasisi na wanachama wote mliofika, mwangaluka. Nasema "mliofika" kwa makusudi, na jambo hilo nitalirudia kabla sijakaa.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha wasanii hapa Mwanza mnazijua. Tulishiriki Nanenane pale Nyamhongolo, tukaenda Bujora kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, walitupa semina juu ya kusajili kazi zetu, leseni ya duka imelipwa. Tumezika wenzetu wawili na rambirambi zilitoka kwa wakati. Mazungumzo juu ya eneo la wachongaji yanaendelea.

Sasa niingie kwenye lile lililowaleta wengi wenu leo, yaani mashine ya kuchoma CD, ambayo kamati iliiuza mwezi Machi.

Mashine ile tuliinunua mwaka 2012 kwa shilingi milioni 3.2. Mimi nilikuwa katibu, na mimi ndiye niliyeifuata Dar es Salaam nikarudi nayo kwenye basi nimeipakata. Kwa hiyo asitokee mtu wa kunifundisha uchungu wa mashine. Siku zile Ijumaa meli ya Nansio ilikuwa haijamaliza kushusha abiria, wauzaji wa Ukerewe wameshafika dukani Makoroboi wanadai mzigo. Wa Sengerema na Geita walivuka kwa kivuko, wakaondoka na filamu kwa mafurushi. Mwaka 2013 zilipokuja stempu za TRA tulibandika moja moja kwenye kila kasha hadi usiku, na hakuna aliyelalamika maana hela ilikuwepo.

Mwaka huohuo mitambo ya analojia ikazimwa hapa Mwanza, watu wakanunua visimbuzi. Filamu ikaanza kumfuata mtu sebuleni badala ya yeye kuifuata Makoroboi. Halafu zikaja simu za tachi za bei ndogo, bando la usiku na YouTube, na kompyuta zikaanza kutoka kiwandani bila tundu la CD. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni hii, watu wanavuka kwa dakika chache. Sijamwona hata mmoja aliyelivuka kufuata CD.

Kwa mwaka wa fedha uliotangulia mashine iliingiza shilingi 412,000. Umeme, CD tupu na fundi vilikula 530,000. Wanaosema "tungeivumilia" waseme pia nani angelipa tofauti.

Nilikaa kaunta mwenyewe, bila posho, ili nisiseme maneno ya kusikia. Alikuja dereva wa Hiace ya Igoma anataka nyimbo za Kisukuma. Nikampa CD, akaicheka: redio yake ina tundu la flashi na bluetooth tu. "Mzee, nijazie za buku mbili." Tukaanza kuzisikiliza. Hii weka, hii ruka, hii ruka, hii irudie kidogo. Katika albamu ya nyimbo kumi alichukua mbili. Zamani angelipia zote kumi ili azipate hizo mbili, na sisi tuliishi kwa zile nane asizozitaka. Alipomaliza akaniuliza kama yule mwimbaji anakubali harusi, na kama akilipa zaidi jina la baba yake litaingizwa kwenye wimbo. Nikampa namba. Harusi ilifanyika, mwimbaji alilipwa, akatunzwa na noti, na waliokuwa mbali wakatunza kwa simu. Katika shughuli ile moja alipata kuliko alivyopata kwenye CD mwaka mzima, na ananisikia, amekaa pale nyuma.

Kwa hiyo anayesema mteja amekufa hajakaa kaunta. Mteja yupo na hela anatoa. Anachokataa ni kulipia kitu cha kuweka kabatini. Analipia kuwepo, kutajwa jina, kupigwa picha na msanii, kuonekana mubashara. Wimbo wenyewe anaona ni haki yake kuupata bure au kwa bei ya bando, tukubali tusikubali. Na hana subira. Wazee wetu wa Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Kisukuma yaliyoshindana, walicheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na aliyevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi (dawa za mvuto nazo hazikukosekana). Mtazamaji wa leo ni yuleyule, ila kuhama kwake ni kidole gumba. Usipomshika kwenye sekunde za mwanzo, keshakwenda kwa mwingine.

Upande wa kazi za mikono ni hivyohivyo. Mwanachama wetu mmoja wa batiki hajafungua kibanda tangu Januari. Anapiga picha kitambaa, anakiweka kwenye status, mteja wa Kahama anauliza bei, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi la jioni. Mteja huyohuyo lakini anataka picha ya mbele, ya nyuma, na video juani aone kama rangi ni ile, na akishatumiwa vyote anaomba punguzo kwa sababu ameona ya mwingine Instagram. Zamani alikuwa analinganisha vibanda viwili vilivyopakana.

Kuna mzee wetu mwasisi, namheshimu, aliyesema kwenye kikao kwamba hela ya mtandaoni ni upepo. Nilimjibu kwa adabu na narudia kwa adabu: tangu Julai 2024 malipo ya watengeneza maudhui wa mtandaoni yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. TRA haifukuzii upepo.

Sasa habari ya kwamba mashine nimemuuzia shemeji yangu. Ni kweli aliyenunua mashine ameoa kwetu. Tangazo lilikaa mlangoni mwezi mzima na kwenye kundi la WhatsApp pia, ambako lilipata vidole gumba vinne na stika ya mtoto anayecheka. Bei ya 350,000 aliileta yeye peke yake. Upinzani ulianza mashine ilipokuwa juu ya guta. Kwa hela hiyo na akiba tulinunua kamera, taa mbili na kipaza sauti, tukageuza chumba cha nyuma kuwa cha kurekodia. Kuanzia Aprili hadi Juni kimeingiza 690,000, na mlango wa mbele tuliompangishia wakala wa pesa unatupa 120,000 kwa mwezi. Wazo la kuupangisha lilikuwa langu, ingawa sasa nasikia lina wenyewe wengi.

Wanaouliza kwa nini uamuzi haukuletwa kwa wanachama: uliletwa mara mbili. Akidi yetu ni nusu, na tuko 96. Novemba mlikuja 31. Februari mlikuja 14, na watatu kati yao waliondoka baada ya soda. Katiba inasema akidi ikishindikana mara mbili kamati inaamua. Tukaamua. Mafunzo ya kuuza kwa simu, ambayo wauza CD wenyewe waliyadai, yalihudhuriwa na watu saba, wawili wakiwa watoto waliotumwa kuja kumsikilizia baba. Halafu naambiwa chama kimewaacha wazee nyuma.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka mzima ni 23. Madeni ni 2,840,000. Mtu ana hela ya bando la kunisema kundini saa sita usiku, ya ada hana. Sitawataja, maana Katibu kanizuia, lakini wanajijua, na baadhi yao ndio waliosimama kwa ukali zaidi juu ya mashine ambayo hawakuichangia.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuwa na ukurasa wetu wa kuonyesha kazi za wanachama wote, kuomba mkopo kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na kuangalia uwezekano wa tamasha dogo kandokando ya ziwa, ngoma na vinyago mahali pamoja. Wadau wameonyesha nia. Tutaunda kamati ndogo.

Hesabu kamili atazisoma Mhazini. Risiti za mauzo ya mashine ziko kwenye faili la kijani hapo mezani, chini ya kitabu cha ada. Anayetaka kuzikagua aanze na kitabu cha ada.

Naomba kuwasilisha.