Kidonda cha ulimi miezi mitano, bado tunapewa dawa ya fangasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mjomba wangu hapa Tanga ni mla tambuu tangu ujana wake, kijaluba hakimtoki mkononi hata msibani. Akatokwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Zahanati wakampa dawa ya fangasi, akarudi wakampa vitamini, akarudi tena wakampaka ile dawa ya zambarau, miezi mitano hiyo! Na hakuna aliyekigusa kwa kidole, maana ungekigusa tu ungeshtuka, kigumu kama punje ya mahindi, na sikio la upande ule lilikuwa linamuuma kila usiku.

Mpaka anakuja kukatwa kinyama kikapimwe, tezi ya shingo ishavimba, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya ulimi. Wakamtoa karibu nusu ya ulimi pamoja na tezi, wakamng'oa meno mabovu manne kwanza maana taya likishapigwa mionzi jino haling'olewi hivi hivi, ndo ikaja mionzi yenyewe wiki 6, siku 5 kwa wiki.

Kinachoniuma ni huko kuchelewa. Marekani huko, saratani ya ulimi ikikutwa haijatoka pale ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya 100 wanafika miaka 5, ikishasambaa mbali wanabaki kama 40 hivi. Na mwaka 2015 madaktari wa Tata Memorial, hospitali ya saratani kule Mumbai, India, walitoa utafiti wao: wagonjwa wa saratani ya mdomo ya mapema ambao shingo bado haina uvimbe, waliotolewa tezi za shingo siku hiyohiyo ya operesheni, 80 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 3, waliosubiriwa mpaka zivimbe ni kama 67. Na popoo, ile kokwa inayotafunwa kwenye tambuu, msilionee huruma jamani, hata bila tumbaku lenyewe lilishawekwa kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 2004.

Safu yenu ya afya kila wiki ni presha na kisukari, sawa, lakini andikeni na hili, kidonda cha mdomoni kikipita wiki 3 hakijafunga, kiwe kinauma au hakiumi, mtu aende kwa daktari wa meno akakaguliwe na shingo.

Halafu majirani walitutisha eti akikatwa atakuwa bubu. Mbona anaongea? R tu ndo imemshinda, "habari" inatoka "habayi", na chupa ya maji haiachi maana mate yamekauka. Kijaluba mkewe kakificha, na kila siku anakiulizia.

Msomaji wenu,
Tanga