"Mkulima wa kawaida" ndiyo nani?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu siku zile lilipokuwa linafika Marangu jioni, limekunjwa chini ya kiti cha dereva wa basi, na sijawahi kukuandikia hata mara moja. Wiki iliyopita umenilazimisha. Ile habari ya mazishi ya mzee mmoja wa huku mlimani imetaja viongozi tisa kwa majina na vyeo vyao, ikamtaja mgeni rasmi mara tatu, ikaeleza hadi barabara aliyoiahidi pale makaburini. Marehemu mwenyewe kaambulia maneno matatu: "mkulima wa kawaida".

Mzee huyo simjui. Maneno hayo nayajua, maana yalisomwa pia mbele ya jeneza la baba yangu.

Baba alikabidhiwa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, mwaka 1957, hakifiki ekari mbili, na humo akasomesha watoto saba. Siku za zamu yetu ya mfongo, mfereji wa maji ya kumwagilia, aliamka saa kumi usiku akaupanda hadi juu na taa ya chemli, kwa sababu maji usipoyafuata, kuna jirani atakayeyafuata kabla yako. Yeye ndiye aliyekata maotea, akapogoa, akapiga dawa ya mrututu kuzuia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, bomba mgongoni, mikono ya bluu hadi kanisani Jumapili. Ukimletea buni ya kijani kikapuni, aliitoa na kukurudishia mkononi bila kusema neno, na ulijua la kufanya. Jioni tulimenya kwa mashine ya mkono, tukailoweka, tukaiosha, tukaianika kwenye vichanja; wingu likitokeza, hata machalari ya ndizi yakiwa yameshapakuliwa, watu wote mbio. Majani ya ng'ombe aliyapandisha mama kutoka tambarare, kichwani, na mama huyo katika wasifu hakutajwa kabisa, lakini hilo nitaliandikia barua yake. Stakabadhi zote za chama cha msingi baba alizitunza kwenye kopo la Kimbo. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, aliizungumzia kama mtu anavyomzungumzia kaka yake mkubwa, na serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 alinyamaza karibu wiki nzima. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, wenzake wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Yeye akakataa. "Nyanya inakusubiri siku nne," alituambia. "Kahawa inakusubiri mpaka siku ya ada." Huyo ndiye wa kawaida?

Wasifu wake niliuandika mimi, kurasa nne kwa mkono. Mshereheshaji (siku hizi misiba ina washereheshaji, tena wenye suti ya kung'aa) aliupokea, akautazama, akaniambia, "Mama, muda hautoshi, tunamsubiri mgeni." Tukamsubiri mgeni saa mbili juani. Alipofika akaongea dakika arobaini, jina la baba akalikosea, na watu wakapiga makofi. Kisha wasifu ukasomwa: kazaliwa, kaoa, kazaa, mkulima wa kawaida, kafa. Sasa sikiliza, Mhariri, sehemu ambayo mwandishi wako hawezi kuiona kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye magari. Ili hema lipate nafasi, na magari ya waheshimiwa yapate kugeuzia, kamati ya mazishi ilikata mibuni 17. Mibuni ya baba! Ilikatwa alfajiri, wakati yeye mwenyewe bado yuko mochwari, na vijana ambao ada yao ya sekondari ilitoka kwenye mibuni hiyo hiyo. Nilipouliza, niliambiwa kahawa siku hizi hailipi. Vishina vilifunikwa na zulia jekundu. Mgeni rasmi alivikanyaga akienda kuweka shada.

Na tukiwa hapo hapo: baba alipolazwa, kundi letu la WhatsApp lilichangia laki tatu, tena kwa kubembelezana. Alipofariki, siku nne tu zilitosha kupata milioni kumi na moja. Sare zilishonwa, chakula kikaletwa na watu wa Moshi mjini, na kale kandege ka kupigia picha kakazunguka juu ya migomba hadi ng'ombe akakata kamba. Sijui ni lini tulikubaliana kwamba mgonjwa ni mzigo na maiti ni mradi.

Ninachoomba si kikubwa. Mwandishi wako akitumwa tena kwenye mazishi huku kwetu, ahesabu mibuni kabla ya kuhesabu magari. Aulize mfongo gani, zamu ya siku gani, ng'ombe wangapi, na nani alibeba majani. Mgeni rasmi naye aandikwe mwisho, baada ya bei ya jeneza.

Kama hilo ni gumu, basi miche 17 ninayo barazani, nimeinunua kwa pensheni yangu. Mashimo ni futi mbili kwa futi mbili, kina futi mbili, na masika yako karibu. Mgeni rasmi aje, mshereheshaji aje, na mwandishi wako aje na kamera yake akitaka. Majembe yapo. Suti wasivae.

Mwalimu mstaafu,
Marangu, Kilimanjaro