Weka ufunguo wako wa umma kwenye tovuti yako mwenyewe

Miongoni mwa wateja tunaowahifadhia tovuti wamo mawakili na waandishi wa habari, watu ambao barua pepe zao zikisomwa na asiyehusika, kuna anayeumia. Wengi wao wana funguo za PGP tayari, yaani mfumo wa kuficha barua pepe kwa jozi ya funguo: wa umma, ambao yeyote huutumia kuifunga barua anayokuandikia, na wa siri, ambao wewe peke yako huutumia kuifungua. Lakini ukiwauliza ufunguo wao wa umma unapatikana wapi, hujibu: "Nitakutumia kwa barua pepe." Hapo ndipo penye hatari. Anayeweza kuziingilia barua zako anaweza pia kuutoa ufunguo huo njiani na kuweka wa kwake, kisha akasoma kila utakachoandikiwa.

Zamani watu walitegemea seva za funguo, kompyuta za mtandaoni zinazohifadhi funguo za umma ili wengine wazipate. Seva hizo zilipokea ufunguo wowote wenye jina lolote, na ukishaingia hautoki. Juni 2019, funguo za Robert J. Hansen na Daniel Kahn Gillmor, wataalamu wenyewe wa OpenPGP, kiwango ambacho funguo hizi hufuata, zilirundikiwa maelfu kwa maelfu ya sahihi taka, yaani uthibitisho wa uongo unaobandikwa kwenye ufunguo, hadi GnuPG, programu inayotumia funguo hizo, ikawa inakwama kuzisoma. Mwaka huohuo ilianza seva ya keys.openpgp.org, ambayo haitangazi anwani yako mpaka uithibitishe. Itumie, tunaipendekeza. Ila hakuna mahali panapokufaa kama tovuti yako, kwa kuwa anayeamua kinachowekwa pale ni wewe.

Ukurasa wa mawasiliano unatosha kwa kuanzia, mradi tovuti ifunguke kwa https. Kama barua pepe yako inatumia jina la tovuti yako, tunaweka pia nakala kwenye folda ya /.well-known/openpgpkey/. Programu za barua pepe kama Thunderbird huweza kuutafuta ufunguo hapo kwa kutumia anwani yako tu, na anayekuandikia hahitaji kupakua faili lolote.

Tovuti nayo huweza kuvamiwa. Kwa hiyo chapisha alama ya ufunguo, zile herufi na tarakimu 40 zinazoutambulisha, kwenye kadi yako ya biashara au uisome kwa simu. Iandike yote! Tangu 2014 inajulikana wazi kwamba ufunguo bandia wenye alama ambayo herufi na tarakimu zake nane za mwisho ni sawa na zako hutengenezwa kwa sekunde chache.

Kabla ya kupandisha faili, lifungue usome mstari wa kwanza. Ukiona PUBLIC, endelea. Ukiona PRIVATE, simama, huo ni ufunguo wa siri. Na kama ulishaupandisha, kuufuta hakutoshi. Ubatilishe, utengeneze jozi mpya na uwaarifu unaowasiliana nao.

Kazi hii tunaifanyia kila mteja tunayemhifadhia tovuti. Tutumie ufunguo wa umma peke yake, nasi tutakupigia ili utusomee alama yake. Ufunguo wa siri hatuuhitaji kamwe, na yeyote atakayekuomba kwa jina letu, mkatalie. Ukisogeza mbele tarehe ya mwisho ya ufunguo, tutumie faili jipya siku hiyohiyo, maana lililoko kwenye tovuti halijibadilishi lenyewe.