Sanaa ya pop haikuanzia New York

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa sanaa Jumapili iliyopita yamesema sanaa ya pop, ile inayotumia picha za matangazo, majarida na bidhaa za dukani, ilizaliwa New York, kwa picha za makopo ya supu za msanii Andy Warhol. Makopo yale ni ya mwaka 1962. Mimi ni fundi wa vigae tu, mzaliwa wa Tanga, lakini niko London mwaka wa kumi na moja na njia yangu ya kazini inapita stesheni ya treni za chini ya ardhi ya Tottenham Court Road. Kuta za pale ni kazi ya msanii Eduardo Paolozzi, aliyemtangulia Warhol katika sanaa hii; ni ya miaka ya 1980. Mmemruka.

Siku ya kwanza niliacha treni mbili zipite, nimesimama kama mgeni wa mji, mkono ukutani. Kuta za jukwaa zimepinda kama ndani ya pipa. Aliyewahi kubandika vigae kwenye ukuta wa namna hiyo anajua adha yake: kigae kikubwa hakikubali, kona zinabenuka, pima maji haikusaidii kitu. Vipande vidogovidogo vya kioo ndivyo vinavyotii, na pale vimepangwa kwa maelfu. Kuna saksafoni, kwa kuwa maduka ya ala za muziki yalikuwa hapo juu barabarani. Kuna na matumbo ya mitambo ya umeme, maana mtaa ule ulisifika kwa maduka ya redio.

Paolozzi alizaliwa Leith, Edinburgh, mwaka 1924. Wazazi wake walikuwa Waitaliano wenye kiduka cha aiskrimu na peremende, naye utotoni akikusanya zile kadi za picha za kwenye pakiti za sigara. Juni 1940 Italia iliingia vitani, na kijana wa miaka 16 akatiwa gerezani, miezi mitatu, kwa sababu ya asili yake. Baba, babu na mjomba wake walipakiwa kwenye meli ya Arandora Star kupelekwa Kanada. Nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha tarehe 2 Julai. Wote watatu wakafa maji.

Mtu huyo ndiye aliyekata majarida ya Kimarekani mwaka 1947, akabandika pamoja mwanamke wa jaladani, tangazo la Coca-Cola, ndege ya vita na bastola inayotoa moshi wenye neno "Pop!". Miaka 15 kabla ya supu, Mhariri! Mwaka 1952 aliwaonyesha wenzake London picha za aina hiyo kwa mashine ya kutupia picha ukutani, na kundi lile ndilo lililoendelea na mambo haya.

Jambo moja bado linaniuma. Mwaka 2015, stesheni ilipokuwa ikipanuliwa, matao ya Paolozzi yaliyokuwa juu ya ngazi za umeme yalivunjwa. Sehemu kubwa ya kazi ilibaki, na vipande vya matao vikapelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Najua mwiko na patasi vinavyofanya kazi, na kioo kilichokwisha kushikwa na saruji hakitoki kizima.

Picha ya kopo la supu mliipa nusu ukurasa. Mkirudia habari hiyo, wekeni na saksafoni moja.

Fundi vigae,
London