Kutoka Kapchorwa, baada ya Tour du Rwanda

Kapchorwa,
Machi.

Ndugu yangu Wanyama,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Barua yako niliikuta nyumbani niliporejea, nami nimechelewa kuijibu kwa sababu wiki nzima kazi yangu ilikuwa kula na kulala. Uliniuliza, kwa utani wako ule wa Busia, inakuwaje mtoto wa Kapchorwa, aliyezaliwa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, aachwe kwenye milima ya Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuizunguka Rwanda, na vijana waliotoka nchi tambarare za Ulaya.

Hewa ya mita 2,000 ina mgandamizo wa takriban asilimia 80 tu ya ule wa pwani, na upungufu huo haumwulizi mtu kwao ni wapi. Damu yangu imeuzoea, ndiyo, lakini wenzetu hao nao hupanda milimani wiki kadhaa kabla ya mashindano ili miili yao itengeneze chembe nyekundu za kutosha. Tangu mwaka 2019, mbio hizo zilipopandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya huja na makanika wao, wapishi na wakandaji. Mimi nilikuja na ndoo ya kufulia jezi.

Siku ya kwanza nilikaa na kundi kuu nikajiona mwanamume. Kumbe zipo siku nane, na usiku ndipo mbio zinapopotezwa. Mwili uliofanya kazi kwenye hewa nyepesi hukawia kurudisha nguvu, usingizi unakatika, na hamu ya chakula inatoweka wakati ule ule unapopaswa kumaliza sahani ya tatu ya wali. Kufikia siku ya nne, tulipokuwa tukipanda kuelekea Musanze chini ya mvua, nilibadilisha gia hadi ile nyepesi kuliko zote, kisha mkono ukaendelea kutafuta nyingine ambayo haikuwepo.

Hapo ndipo nilipolijua kundi la mwisho, na laiti ungeliona! Kila hatua, yaani mbio za siku moja, ina muda wa ukomo unaopimwa kwa asilimia ya muda wa mshindi, na anayeupita anaondolewa. Kwa hiyo walioachwa hukusanyika, wapinzani na wote, wakahesabu dakika pamoja kama wafanyabiashara wanaogawana nauli. Mzee mmoja wa kundi hilo (mzee kwa umri wa baiskeli, nadhani alikuwa na miaka thelathini na mitano) alinikemea nilipojaribu kuharakisha mlimani. Alisema mlimani twende kwa pumzi ya aliye dhaifu kuliko wote, na muda tutaufidia kwenye mteremko na tambarare, kwa kupokezana kukata upepo. Tulifika tukiwa na dakika nne mkononi.

Nilimaliza siku zote nane. Nafasi yangu sikuandikii, maana najua utaisoma kwa sauti kijiweni.

Ukija Pasaka, njoo na baiskeli yako ile nzito uliyobebea abiria mpakani. Tutapanda kutoka bondeni hadi Sipi, nami nitakaa nyuma yako. Mnyororo wangu umelegea. Ukipata mpya hapo Busia, ninunulie, nitakulipa ukifika.

Msalimie mama.

Wako,
Kiprotich